Muulize Fundi: Kompyuta imefika nyumbani, tuanzie wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu waliopata kompyuta ya kwanza ya nyumbani, au waliorithishwa ya zamani na ndugu. Nimechagua saba. Usipoiona yako, isome ya mwenzako, maana wengi mmeuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Mimi nimefungua makasha ya kompyuta kwa miaka 19, na kabla ya hapo nilikuwa msichana wa kumshikia mjomba tochi akichomelea redio. Ninayowajibu ni yale niliyoyaona juu ya meza ya kazi.

*Fundi, hujambo? Tumenunua kompyuta ya mezani kwa ajili ya masomo ya watoto na hesabu zangu za ushonaji. Leo ni siku ya tatu imo ndani ya boksi. Naogopa kuifungua nikaharibu. Nianze na nini? — Mama wa watatu*

Sijambo, mama wa watatu. Siku 3 ndani ya boksi hazijaharibu kitu, na woga wako una faida: anayeogopa husoma kwanza ndipo achomeke.

Anza na boksi lenyewe. Lifungue kwa juu, kisu kisizame ndani, na usilitupe pamoja na yale maboya meupe yanayoishika mashine kwenye kona. Ukihitaji kuirudisha ikiwa bado ina dhamana, au ukihama nyumba, hutapata kitu cha kuibebea kilicho bora kuliko hicho. Nyuma ya kasha au ubavuni kuna kibandiko chenye namba ya mashine yako peke yake. Ipige picha kwa simu leo hii, na risiti pia. Risiti nyingi huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini, na maandishi yake hufifia. Nimeletewa karatasi nyeupe tupu na watu wakiapa kuwa ni risiti, na walikuwa wanasema kweli.

Mahali pa kuiweka panahitaji kufikiriwa kuliko watu wanavyodhani. Kompyuta inavuta hewa baridi mbele na kutoa hewa ya moto nyuma. Iachie nafasi ya kiganja kizima kati ya mgongo wake na ukuta, isikae juu ya zulia, na jua la dirishani lisiipige. Wewe unashona, kwa hiyo nakuonya zaidi: vumbi la vitambaa ni baya kuliko vumbi la kawaida, kwa sababu nyuzi hushikana zikafanya kitu kama kipande cha blanketi mbele ya feni. Niliwahi kukibandua kimoja kizima kwa vidole viwili, kikatoka na umbo la feni. Weka mashine juu ya meza, mbali na cherehani, na kila baada ya miezi michache izimwe, ichomolewe, vumbi lipulizwe kwa kopo la hewa. Unapopuliza, izuie feni kwa kijiti isizunguke. Ikizungushwa na upepo kwa kasi isiyo yake, inaweza kuchakaa beringi.

Sasa umeme. Kukatika kwenyewe kuna madhara, kwa sababu diski inaweza kukatizwa katikati ya kuandika. Ila wakati wa kurudi ndio ninaouogopa zaidi, umeme unaporudi kwa kishindo. Soketi yenye kinga ya mshtuko ni ya lazima. Ukiweza, ongeza UPS, lile boksi zito lenye betri ndani. Hizi za nyumbani hutoa dakika chache tu, nazo zinakutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Chomeka kompyuta na skrini humo. Printa ya leza usiichomeke, kwa sababu inapopasha joto hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo mpaka UPS izidiwe.

Waya zisikutishe. Kila tundu lina umbo la plagi yake. Ikikataa, igeuze, wala usiilazimishe.

Ukiiwasha mara ya kwanza itakuuliza maswali mengi, na hapa nakuomba ukae mwenyewe. Usimwachie kijana wa jirani. Ikiwa inaendeshwa na mfumo wa Windows itataka akaunti ya Microsoft, na akaunti hiyo iwe yako, yenye barua pepe yako na nywila unayoijua wewe, iliyoandikwa kwenye daftari linalofungiwa kabatini. Sababu ni hii: kompyuta nyingi mpya hufunga diski yake kwa ufunguo wa siri bila hata kukuuliza. Ni kinga nzuri, kwani mwizi akiichomoa diski hasomi kitu. Lakini siku mashine ikishtuka, labda baada ya kubadilishwa kifaa cha ndani, itakuomba ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6.

Mwalimu mmoja aliniletea ya kwake ikiwa imesimama kwenye swali hilo. Aliyemwashia siku ya kwanza alikuwa kijana wa jirani, akatumia barua pepe yake mwenyewe ili kazi iishe haraka. Kijana alikuwa ameshahama, na nywila ya barua pepe ile haikumbuki. Tarakimu 48 zilikuwa zimehifadhiwa humo humo. Hakuna fundi anayeweza kuzikisia. Mitihani ya miaka 4 aliyoitunga kwa mkono wake ilibaki ndani ya diski nzima isiyo na kovu, na hatukuigusa hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo, jioni ya siku ya kwanza, ingia kwenye akaunti yako, uutafute ufunguo huo, uunakili daftarini, kisha uusome tena tarakimu kwa tarakimu.

Watoto wafungulie akaunti yao ya kawaida, na ile yenye mamlaka ya kuingiza programu ubaki nayo wewe. Mtoto akibofya tangazo la mchezo wa bure, mashine itadai nywila yako kwanza, na tangazo litaishia hapo.

Kabla hujaingiza programu yoyote, acha masasisho yashuke. Yanaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na mashine itajizima na kujiwasha mara kadhaa. Usichomoe. Wengi huyaona masasisho kama usumbufu, kwa hiyo nitakumbusha jambo moja. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia, kilikuwa kimetolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo. Waliokuwa wamesasisha, tundu lile lilikuwa limezibwa tangu miezi 2 kabla. Viraka vya Windows hutoka kila Jumanne ya pili ya mwezi, nawe vipokee tu.

Mwisho, kinga ya virusi unayo tayari, imo ndani ya Windows. Ukikuta nyingine ya majaribio imewekwa na watengenezaji, inayokupigia kelele ulipie, chagua moja. Mbili zikifanya kazi pamoja hugombana, na mashine inakuwa nzito.

*Mambo vipi Fundi, nina miaka 16. Nimejiunganishia kompyuta niliyopewa na shangazi. Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini inaandika kuwa haipati picha. Nimeshajaribu waya mbili. — Kijana mpenda michezo*

Poa, mdogo wangu. Chungulia nyuma ya kasha. Kuna rundo la matundu yaliyopangwa wima upande wa juu, hayo ni ya bodi kuu. Chini yake, huenda pana matundu mengine machache yaliyolala. Hayo ni ya kadi ya picha. Kama yapo, waya wa skrini unakwenda huko chini, kwa sababu kadi ya picha ikiwepo, mara nyingi matundu ya juu hayatoi kitu. Naweka dau kwamba umechomeka juu. Kosa hili nalirekebisha kwa watu wazima wenye shahada zao.

Ikiwa bado, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 umeme uliobaki uishe, kisha fungua ubavu. Gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme wa mwilini mwako utoke. Zichomoe RAM, vile vipande virefu bapa vya kumbukumbu vilivyosimama kwenye bodi kuu, uzirudishe kwa kukandamiza mpaka usikie *tak* upande mmoja na upande wa pili. RAM iliyokaa nusu huwasha feni na taa kama kawaida, lakini picha haitoki.

*Fundi, nimeuziwa kompyuta kwa maelezo kuwa diski yake ni GB 512, lakini Windows inaonyesha 476. Nimeibiwa? — Msomaji mwenye hasira*

Hujaibiwa. Watengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Gawanya mwenyewe, utapata 476 na ushee. Diski ya terabaiti 1 kwa sababu hiyo hiyo husomeka 931. Mfumo wenyewe nao hukalia sehemu yake, kwa hiyo nafasi tupu itakuwa pungufu zaidi. Muuzaji wako alisema kweli, mpelekee salamu.

*Habari za kazi, dada fundi. Nimenunua laptopu. Kaka yangu anasema lazima niichaji saa 8 bila kuigusa kabla ya kuitumia, na kila siku niiache chaji iishe kabisa. Ni kweli? Pia inachemka sana nikiwa kitandani. — Mfanyakazi wa zamu*

Nzuri, dada. Kaka yako anakumbuka vizuri, ila anakumbuka betri za zamani, zile za nikeli. Hizo kweli zilitaka kulelewa hivyo. Laptopu yako ina betri ya lithiamu, nayo haitaki kufunzwa. Iwashe uitumie tangu siku ya kwanza. Kuimaliza mpaka izime kila siku ndiko kunakoichosha. Inapenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80, na kama kazi yako ni ya mezani na waya umechomekwa kutwa, tafuta kwenye mipangilio ya mtengenezaji mahali pa kuizuia isipite 80. Laptopu nyingi za sasa zina mpangilio huo.

Lakini umeandika mwenyewe kinachoiua betri, ukakiweka mwishoni kama jambo dogo: kitanda. Matundu ya hewa ya laptopu nyingi yapo tumboni. Ukiilaza juu ya godoro, shuka linaziba mdomo wake, joto linarudi ndani, na betri ya lithiamu huzeeshwa na joto kuliko kitu chochote. Weka ubao mgumu chini yake, au hata kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Na ukiona sehemu ya kipanya imeanza kuinuka, au kifuniko hakifungi sawasawa kama zamani, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiitoboe wala kuikandamiza, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Hapo sifanyi mzaha hata kidogo.

Jambo dogo nyongeza, kwa kuwa uko zamu na nadhani huwa unafunika tu na kuondoka: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi ukizizima hazizimi kabisa. Huweka kiini cha mfumo akiba ili ziwake haraka. Ikianza kuganda au printa ikikataa bila sababu, chagua kuiwasha upya. Hiyo ndiyo huanza mwanzo kweli kweli. Nusu ya simu ninazopigiwa jioni huishia hapo.

*Fundi, kaka yangu amenipa kompyuta yake ya zamani ya mezani yenye Windows 10. Kila nikichomoa waya, nikiwasha tena saa inarudi miaka mingi nyuma, na tovuti zinanikatalia zikisema si salama. Je, ni virusi? — Mrithi*

Si virusi. Kwenye bodi kuu kuna betri ya duara, bapa, kubwa kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati waya umechomolewa. Imekufa. Na tovuti zinakukatalia kwa sababu kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta yako inaamini leo ni miaka mingi iliyopita, inakitazama cheti, inaona tarehe yake ya kuanza haijafika, inakikataa. Kwa hesabu yake iko sahihi.

Zima, chomoa, fungua kasha, piga picha betri ilivyokaa. Bana kikono kidogo cha chuma pembeni, itaruka juu yenyewe. Weka mpya, upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha rekebisha saa, umemaliza. Ni kazi ya dakika 5, na nimewahi kuona mtu akibadilishiwa bodi nzima kwa ajili yake. Iliniuma sana.

Kubwa zaidi kwako ni hiyo Windows 10. Microsoft ilimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka, lakini viraka vya kawaida havitoki tena, na nimeshaeleza hapo juu kiraka kina kazi gani. Angalia kama mashine yako inakubali Windows 11. Inahitaji RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, kichakataji kilicho kwenye orodha ya Microsoft, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Nyingi za zamani hukwamia kwenye hayo mawili ya mwisho.

Ikikwama usiitupe. Chukua flashi, ipakie Linux Mint, mfumo mwingine unaoweza kushika nafasi ya Windows, kisha iwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Itafunguka bila kugusa diski yako, utazunguka humo, utajaribu intaneti, sauti na printa. Ukiipenda ndipo unaiingiza jumla. Ni ya bure na ni halali, na inakuja na LibreOffice kwa barua na hesabu. Na kama diski iliyomo ni ile ya kuzunguka, ibadilishe uweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Nimewawekea watu kwenye mashine za umri wa miaka 10, wakaniuliza kama nimewabadilishia kompyuta. Ukishaweka SSD, usiipange upya kwa zile programu za kupanga diski za zamani. Haina sindano inayotafuta mahali, kwa hiyo kuipanga hakuongezi kasi, kunaichakaza tu.

*Binti, mimi ni mstaafu wa miaka 71. Juzi nilikuwa nasoma habari, ghafla skrini yote ikawa nyekundu, sauti ikipiga kelele kwamba kompyuta ina virusi, nisiizime, nipige namba iliyoandikwa. Nikapiga. Kijana mpole akaniambia nipakue programu ili aione kompyuta yangu. Niliipakua, kisha moyo ukasita, nikakata simu kabla ya kuifungua. Nimefanya uharibifu gani? Sijawaambia wanangu. — Babu wa wajukuu 6*

Shikamoo, mzee wangu. Umekata simu mahali panapostahili hasa. Programu ile ni mlango, na wewe umeuleta mlango nyumbani lakini hukuufungua. Nenda kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, uifute, kisha uifute na kwenye pipa la taka. Halafu iambie kinga ya Windows ikague mashine yote. Iache ifanye kazi hata kama itachukua saa nzima.

Ile skrini nyekundu ilikuwa ukurasa wa tovuti tu, kama ukurasa mwingine wowote, uliotanuliwa ukajaza skrini ili ufanane na onyo la kompyuta yenyewe. Hauwezi kujua kama una virusi au huna. Maonyo ya kweli ya Microsoft hayabebi namba ya simu kamwe. Ukiona namba ya simu, umeshapata jibu lako. Ukurasa ule ukirudi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, ile programu unayosomea tovuti, ukifunge. Vidole vikikataa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Ile amri ya kutoizima ni ya kwao, ya kukuweka pale. Ukikifungua tena kivinjari, kikikuuliza kama kirejeshe kurasa za awali, kikatalie.

Angeingia, angekuonyesha orodha ndefu ya alama nyekundu na kukuambia kila moja ni kirusi. Orodha ile ni daftari la matukio, na kompyuta nzima kabisa nayo ina mamia ya alama hizo. Kisha angeomba kadi ya benki, au akuagize uingie benki huku yeye akitazama. Kama kuna msomaji aliyefika huko, achomoe intaneti kwanza, aipigie benki simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi, na abadilishe nywila zake akitumia kifaa kingine.

Na waambie wanao, mzee. Nakuomba hilo kwa heshima zote. Hao vijana wapole wanategemea aibu. Wanajua mtu akishaona haya atanyamaza, na akinyamaza watampigia tena. Nimewaandikia watu wazima wengi jibu kama hili, wakiwemo wahasibu. Na moyo wako ulisita kabla hujafungua, wengine haukusita.

*Shikamoo Fundi. Niko mwaka wa mwisho, naandika tasnifu. Nakala ninayo kwenye flashi, na flashi huwa nimeichomeka kwenye laptopu muda wote ili nisisahau kunakili. Rafiki yangu anasema haitoshi. Mimi naona inatosha. — Mwanafunzi*

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako anakupenda.

Nami niliwahi kuona inatosha. Mama yangu alikuwa msimulizi wa hadithi, na kwa miaka 3 nilikuwa namrekodi kila nikienda kumtembelea. Rekodi 43. Zilikuwa kwenye laptopu yangu, na nakala kwenye diski ya nje, kwa sababu mimi ni fundi na ninajua umuhimu wa nakala. Diski hiyo nilikuwa naiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi la laptopu, isipotee. Siku moja niliteremka kwenye basi, mtu mwingine akateremka na begi langu. Mama alikuwa ameshafariki. Kompyuta nilinunua nyingine baada ya miezi 2.

Flashi yako iliyochomekwa muda wote ni begi langu. Mwizi atazichukua pamoja. Chai ikimwagika, umeme ukipiga, laptopu ikianguka, vyote viwili vimo. Kirusi cha kudai fidia kikiingia, kitafunga mafaili ya kwenye laptopu kisha kiende kwenye flashi, kwa sababu kwake ni folda nyingine tu. Isitoshe, flashi ni kifaa cha kusafirishia. Hufa bila dalili. Diski ya kuzunguka angalau hukuonya: inagonga *tik, tik, tik*, inanyamaza, inaanza tena, na ukiisikia hivyo nakili cha muhimu kwanza, maswali baadaye. Flashi ya leo iliyo nzima, kesho inakuomba uifomati, yaani uifute yote.

Mafundi tuna kanuni ya 3, 2, 1. Nakala 3 za kila kitu unachokithamini, ukihesabu na ile unayoifanyia kazi. Ziwe kwenye vifaa vya aina 2. Na 1 ikae nje ya nyumba unayolala. Kwako wewe naiona hivi: laptopu ni ya kwanza. Diski ya nje ni ya pili, unaichomeka jioni, unanakili, unaiambia kompyuta kwanza kuwa unaitoa ndipo unaichomoa, unaiweka chumba kingine. Ya tatu ni akaunti ya kuhifadhi mtandaoni, au ukikosa intaneti ya kutosha, flashi hiyo hiyo ikikaa kwa rafiki yako, mnabadilishana kila wiki, yeye anatunza yako na wewe unatunza yake. Tasnifu ni maandishi, haitafika hata gigabaiti 1.

Tahadhari kuhusu mtandaoni: folda inayojilinganisha yenyewe hulinganisha na makosa. Ukifuta sura huku, na kule inafutika. Nyingi hukutunzia kilichofutwa kwa siku kadhaa, kisha basi. Kwa hiyo, kila wiki hifadhi tasnifu kwa jina jipya lenye tarehe, usiandike juu ya ile ya zamani. Siku msimamizi atakapokuambia sura ya wiki ya kwanza ilikuwa bora, utaipata ilivyokuwa.

Halafu kuna hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua hujui kama ni nakala. Nimeletewa diski zilizonakiliwa kwa uaminifu kila Ijumaa kwa mwaka mzima, na ndani yake mna njia za mkato tu, vile vialama vidogo vyenye mshale, bila faili hata moja.

Mimi hujaribu Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Katika zile 43, ilinusurika 1, kwa sababu nilikuwa nimemtumia dada yangu kwa simu ili acheke. Sasa iko mahali 3. Nachomeka diski, nafungua faili kutoka hapo hapo kwenye diski, na kuisikiliza mpaka mwisho. Ni dakika 11. Katikati mama anakatiza hadithi, anauliza kama mlango umefungwa, anajibiwa, kisha anaendelea pale pale alipoachia.

Wewe fungua tasnifu kutoka kwenye diski ya nje, si kutoka kwenye laptopu. Teremka hadi ukurasa wa mwisho, uangalie kama sentensi uliyoandika jana usiku imo.